Kompyuta Nyingine Iko Wapi

Shangazi yangu alipostaafu kazi ya uchapaji mahakamani alifungua steshenari hapa Pangani, akaniweka mimi kwenye kompyuta na yeye kwenye kiti cha mlangoni, ambako anaona wateja, barabara na makosa yangu yote. Kompyuta tunayo moja. Ndani ya kivinjari chake zimelala nywila za nusu ya wateja wetu, maana mtu akifungua akaunti leo, kesho keshasahau, na sisi ndio tunaokumbuka kwa niaba yake.

Asubuhi moja niliwakuta wateja wamenitangulia: binti wa Mwera na mama yake, waliovuka na kivuko cha mapema. Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na mwisho wa kuithibitisha ulikuwa siku ileile, saa kumi jioni. Nywila hakuikumbuka. Simu ambayo chuo kingemtumia namba ya kuingilia ilimponyoka kivukoni, ikazama mtoni pamoja na laini yake. Nikawaambia wasijali, kila kitu kimo humu. Nilisema kwa mbwembwe, Mungu anisamehe.

Nikabofya kivinjari. Badala ya kufunguka, kikaniletea kidirisha: profaili hii inatumiwa na kompyuta nyingine, kwa hiyo imefungwa. Chini yake palikuwa na kitufe cha kuifungua kwa nguvu, na onyo kwamba nisikibonyeze mpaka niwe na hakika hakuna mwingine anayeitumia, la sivyo vilivyomo vinaweza kuharibika.

Kompyuta nyingine ipi? Nilizima, nikawasha, yakawa yaleyale. Nikamshuku fundi simu wa jirani, ambaye tunachangia naye intaneti, nikaenda kumuuliza kama amejipenyeza kwenye mashine yetu. Akanionyesha meza yake: simu zilizofumuliwa, bisibisi, na kikombe cha chai. Kompyuta hana, akasema, na angekuwa nayo asingeitumia kusoma barua za maombi ya watu. Nikarudi nimenywea. Binti alikuwa ameanza kung'ata kucha. Kitufe nilikiogopa, kwa sababu profaili ndiyo iliyohifadhi nywila zote, na ikiharibika ingekwenda na nafasi yake ya chuo, na mimi ningebaki kumtazama mama yake usoni.

Nikaketi, nikakisoma kile kidirisha neno kwa neno, jambo ambalo hasira ilikuwa imeninyima. Kwenye maandishi yake madogo palitajwa jina la hiyo kompyuta nyingine. Lilikuwa jina la hiihii yetu, aliloipa yule aliyetuuzia. Nikafungua mipangilio kuhakikisha. Humo kompyuta yetu ilikuwa na jina jingine kabisa, tena jina zuri la kike.

"Shangazi," nikamwita, "nani kaibadilisha jina mashine?"

"Mimi," akajibu bila kugeuka. "Kila siku inaganda, inapata joto, inazimika. Mtoto akiandamwa na maradhi si hubadilishwa jina? Lile la mwanzo lilikuwa zito, limemwelemea."

Nikamhoji, na yote akayasema bila wasiwasi. Jana yake, nilipokuwa nimekwenda Tanga kununua wino, aliingia mwenyewe kwenye mipangilio, akaandika jina jipya, kisha akachomoa waya ukutani ili aifukize ubani kwa usalama. Kivinjari alikiacha wazi vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kivinjari kikifunguliwa hutia kufuli kwenye profaili na kuliandika jina la kompyuta. Kikifungwa vizuri, hulitoa. Chetu hakikufungwa, kilikatiwa umeme. Kufuli likabaki na jina la zamani, na leo mashine ilipokuja na jina jipya ikaonekana mgeni kwake. Hiyo kompyuta nyingine haikuwepo popote duniani. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilipomweleza shangazi, alisema kosa si lake: jina jipya hutangazwa kwa watu wote wa nyumbani, na kuwaarifu walio ndani ya mashine ilikuwa kazi yangu.

Nikasema bismillahi, nikabonyeza kitufe. Kivinjari kikafunguka na kila kitu mahali pake. Nilipoingia kwenye ukurasa wa chuo, nywila ya binti ikajijaza yenyewe. Nikampisha kiti ili abofye kwa mkono wake. Yakatokea maandishi kwamba nafasi yake imethibitishwa, naye akamsomea mama yake, kisha akamsomea tena polepole.

Mama akauliza safari ni lini. Binti akasema mwezi ujao. Yule mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinihimiza nijaribu hiki na kile, akaitazama ile kompyuta kama mtu aliyemkosea.

"Nusu yangu ilikuwa ikiomba ifunguke," akasema. "Nusu ikaomba isifunguke. Mtoto nina huyuhuyu."

Shangazi akainuka kitini kwake, akaenda kumshika mkono.

"Basi Mungu kaisikia ile nusu iliyoomba ifunguke," akamwambia. "Ile nyingine njoo uipumzishe hapa kwangu, kila utakapovuka."

Yule mama akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga, na binti yake akamwegemea begani.