Aliyeegemeza Bunduki Ukutani

Sogea karibu, wewe unayesoma, maana jambo hili nataka ulielewe hatua kwa hatua.

Nilipokuwa kijana nililima viazi kijijini Bungu, milimani, pamoja na jirani yangu Zakaria, aliyenizidi miaka sita. Mzee akipita, Zakaria aliweka jembe chini, akasogea upande wa bondeni ili mzee apite upande wa juu, akamwamkia kwa mikono miwili. Nilinung'unika kwamba hatutamaliza hata tuta moja. Wiki mbili baadaye nami nikaanza kuweka jembe chini. Ndivyo kielelezo kinavyofundisha: unaiga kabla hujakubali.

Vita vya Kagera vilipoanza tuliingia jeshini pamoja.

Tulifika katika kijiji kilichokimbiwa, upande wetu wa mpaka. Sajini wetu, mtu wa milima hiyohiyo ya kwetu, alichukua zamu ya kuangalia kama adui angetokea kwenye migomba iliyokuwa ubavuni mwa nyumba moja. Mlangoni alikaa bibi, peke yake. Zakaria aliegemeza bunduki ukutani, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitika, machozi yakamtoka.

Sajini aliiacha migomba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaniita. Alikuwa akifunga cherehani ya bibi kwa shuka. Nikashika ncha moja.

Zakaria akatuona.

"Mdogo wangu, huyu mama tumeshamwamkia. Weka chini."

Sajini akacheka. "Wewe umekuja vitani au umekuja kuposa?"

Niliachia shuka.

Risasi ilitoka migombani.

Zakaria aliangukia kizingiti. Bibi alimshika kichwa. Nilifyatua hadi risasi zikaniishia, sikumwona mtu.

Vita vilipokwisha, sajini alirudi nyumbani na cherehani ile. Akafungua duka la ushonaji huko Magoma, karibu na kwetu, akasifiwa kuwa mwanamume aliyejua kutumia vita. Zakaria akageuzwa mzaha: yule aliyekufa kwa shikamoo. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha vijana, msemaji mmoja aliurudia mzaha huo, vijana wakacheka. Nilisimama. Nikawaeleza kwamba hata angekuwa ameshika bunduki, risasi ile ingempata vilevile, kwa sababu macho yaliyopaswa kutazama migomba yalikuwa kwenye cherehani. Hawakucheka tena. Ndipo nikaongeza lile nililolificha miaka yote: mkono wangu nao ulikuwa kwenye shuka lile.

Sasa unaelewa kwa nini nilinyamaza. Kumtetea Zakaria kungenilazimu kujitaja. Kwa hiyo nilikubali watoto wa watoto wetu wakue wakimwiga mwizi. Zakaria hakuacha mtoto. Aliniacha mimi, nami nilikuwa mrithi mwoga.

Wewe bado unayo nafasi. Leo muulize mwanao anatamani kuwa kama nani. Akikutajia mtu unayemfahamu, mweleze ukweli wote unaoujua juu yake, ukianza na ule unaokuaibisha wewe.