Spoku ya Mkiani

Ndugu yangu mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli mjini Nyeri, na kila Jumapili alipokuja nyumbani Mukurweini alinikalisha chini nimshikie ndege ya kuchezea aliyokuwa akiiunda. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nina kazi zangu, lakini hakujali. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao za sanduku la majani chai, na mabawa ya karatasi ya kufungia sukari. Alikuwa amemwona mtoto wa Mzungu akirusha ya kwake uwanjani, akaitazama mpaka akaielewa, na tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine. Alituchosha sote.

Kilichomnyima usingizi ni mkia. Nyuma yake kulikuwa na ubao mwembamba ulioshikizwa kwa vitambaa ili uinuke na kushuka. Katikati ya ndege alifunga bati la pembe tatu lililozunguka kwenye bolti. Nyuzi mbili za kushikwa na mrushaji ziliingia kwenye pembe mbili, na kutoka pembe ya tatu spoku ya baiskeli, ule waya wa gurudumu, ilikwenda mpaka mkiani. Ukivuta uzi huu ndege inapanda, ukivuta ule inashuka. Injini hatukuwa nayo. Ndege tungeizungusha hewani ikiwa imefungwa kwenye ufito mrefu.

Spoku ilimtesa. Mkunjo ukilegea, mkia unatetemeka; ukikaza, unakwama. Alikunja, akapima, akatupa, akakunja nyingine, huku mimi nimeushika mkia kwa vidole mpaka vinakufa ganzi. Halafu aliuinua kidogo na kuuachia.

"Ushuke wenyewe," alisema. "Ukiusukuma, kazi bado."

Siku uliposhuka wenyewe alicheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Kisha tukaamriwa kuhama. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, nyumba zetu zikachomwa na sisi tukapangwa katika kijiji kipya chenye handaki kuzunguka na lango moja. Mama alibeba sufuria, mimi nikabeba unga. Ndugu yangu aling'oa vyuma vya ndege akavitia mfukoni, mwili akauacha uungue na nyumba. Mbao angepata nyingine, lakini mkunjo ule hakuwa na hakika angeupata tena. Fundi ni fundi hata nyumba ikiungua.

Langoni askari mmoja, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, alimpekua.

"Hii nini?"

"Ni vyuma vya ndege, afande."

"Ati ndege? Ndege iko wapi?"

Ndege ilikuwa moshi kule mteremkoni. Siku hizo watu wa msituni, waliopigana na serikali, walitengeneza bunduki kwa komeo la mlango na bomba la maji, kwa hiyo bolti, bati na waya mfukoni mwa kijana havikuwa mchezo. Laiti angenyamaza! Lakini ndugu yangu alipenda kueleza. Akavipanga kiganjani, akamwonyesha.

"Ukivuta hapa, afande, hii nayo inaenda."

"Nimeona," askari akasema. "Inavutwa kama bunduki."

Wakampeleka kwa ofisa Mzungu, nje ya kijiji.

Mama hakulia. Aliniambia, "Wewe uliishika ikitengenezwa. Itengeneze, wakaione."

Basi mchana nilichimba handaki kwa amri pamoja na wenzangu, na jioni nilichonga. Sanduku la chai niliomba dukani. Gundi ilikuwa ya unga ambao tungeula. Mabawa yalitoka yamepinda, na spoku niliyokunja mwenyewe, endapo ile ya ofisini imepotea, ilikuwa aibu tupu. Niliitia kikapuni hivyo hivyo, pamoja na ndege. Hedimani, mkuu wa kijiji, aliponipa ruhusa ya kutoka nilikwenda karibu mbio.

Ofisa alivitoa vyuma kwenye droo. Nikavifunga mbele yake, nikauinua mkia, nikauachia. Ukashuka wenyewe. Nilitaka kupiga kelele.

Ofisa akavuta uzi. Mkia juu, mkia chini. Akacheka, na kilikuwa kicheko cha furaha kabisa.

"Ndugu yako nasema kweli," akasema. "Hii ndege. Ndege mzuri sana."

"Basi, bwana, arudi nyumbani."

"Ah." Hakuacha kuvuta. "Yeye nakwenda na lori jana. Kambi iko mbali. Kule si kazi yangu."

Nilimwomba apige simu. Nilimwomba anitajie kambi. Mwishoni nilimwomba angalau anirudishie ndege, nimpelekee mama. Akasema vyuma ni ushahidi, haviwezi kutoka ofisini, na vyuma vilikuwa ndani ya ndege. Mimi mwenyewe ndiye niliyevifunga. Hasira ilinijaa na sikuwa na pa kuipeleka. Nikasema, "Asante, bwana," kwa sababu ndivyo watu walivyotoka katika ofisi ile. Nikiwa njiani bado nilisikia mkia ukigonga. Ilipita miaka kabla sijamwona ndugu yangu tena.

Siku ile langoni kwetu askari yule yule alipekua kikapu changu, akaitoa ile spoku yangu mbovu.

"Na hii nini?"

Nilimtazama usoni.

"Sijui, afande."

Akaitupa handakini, akaniambia nipite.