Safari ya Billund na Sufuria ya Matanga

Wakenya wa Stockholm wakifiwa, kitu cha kwanza kutafutwa si mchungaji, ni sufuria ya Achola. Ni sufuria kubwa ya kupikia umati, na inakaa stoo ya chini katika jengo lake huko Jordbro. Achola haitoi bila kwenda nayo mwenyewe. Maiti itasafirishwa kwenda nyumbani, sawa, lakini waombolezaji wako hapa, wanakuja kila jioni na njaa zao, na lazima mtu asonge ugali. Basi Achola hutoka kazini kwake kwenye nyumba ya wazee, akavua sare na kuingia jikoni kwa watu. Hajawahi kukataa. Ukimwuliza, atakwambia kwamba kwao Achola ni jina la mtoto aliyezaliwa msibani, kwa hiyo kazi yake aliijua mapema. Husema hivyo akicheka, na watu hucheka naye.

Liam, mwanawe wa pekee, hakuwa akicheka. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule alipoahidiwa kupelekwa Billund, ule mji mdogo wa Denmaki wenye bustani ya michezo ya Lego, ambako watoto huendesha vigari vya umeme, wakasimama kwenye taa nyekundu kama watu wazima, na mwisho wakapewa leseni yenye picha yao. Darasa zima lilikuwa limeshakwenda, au ndivyo alivyodai. Kila kiangazi Achola alipanga safari, na kila kiangazi mtu alifariki: mara mtaa wa Fittja, mara Rinkeby, mara Jordbro hapo hapo. Mwaka mmoja simu ililia wakiwa wameshavaa viatu. Mtoto alikaa juu ya begi lake karibu na mlango hadi usingizi ukamchukua.

"Mwakani, baba," Achola alimwambia alipokuja kumbeba.

Liam hakulalamika. Mambo mengine yote alimjibu mama yake kwa Kiswidi, kama watoto wa huku, lakini Kiswahili cha msibani alikijua barabara: poleni sana, nani amekufa, anazikwa lini.

Mwaka huu Liam ametimiza miaka kumi na minane, na mwisho wa Agosti anahamia Umeå, kaskazini kabisa, kusoma. Achola alipoona maboksi yamepangwa chumbani kwake, moyo ulimpasuka. Kiangazi kilichobaki kilikuwa hiki tu. Akakata tiketi bila hata kumwuliza mwenyewe. Ufunguo wa stoo akamwachia Godelieve, rafiki yake Mkongomani wa Fittja, akamwambia kwamba safari hii afe atakayekufa, wapike wengine.

Walishuka basi Billund asubuhi yenye manyunyu. Ndani ya bustani Achola alihangaika na ramani, akiigeuza huku na huku, na alipoinua macho Liam alikuwa ameshatangulia. Alipita miji midogo ya matofali ya plastiki, akakata kushoto penye vyoo, akakata tena, mama nyuma yake, na wakatokea pale pale penye vigari. Achola aliona ni bahati. Akamwendea binti wa mlangoni akiwa amemshika mkono mwanawe, jitu refu lenye ndevu zinazoanza kuota.

Yule binti alitabasamu kwa upole. "Samahani, mwisho ni miaka kumi na mitatu."

"Lakini nilimwahidi," Achola alisema.

"Kom, mamma," Liam akasema, akamvuta taratibu hadi kwenye benchi.

Akamwambia kwa Kiswidi, macho yake kwenye viatu, kwamba alishaendesha. Alikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa kwenye matanga ya Rinkeby na yeye aliachwa kwa Godelieve siku kadhaa, na Godelieve akamleta huku pamoja na wanawe. Akamwomba Liam asiseme, mama asije akaumia.

"Ulifurahi?" Achola aliuliza.

"Ja," ndiyo. Kisha akaongeza, bado kwa Kiswidi: "Wazazi wengine walikuwa kwenye uzio wakipiga picha. Nilikuwa nakutafuta pale."

Achola alilia mbele ya watu na aiskrimu zao, wala hakujali. Wafiwa wa mji mzima aliwapikia, hakuna aliyelala na njaa. Mwanawe alikuwa hai siku zote hizo, akimsubiri, na sasa amekwisha kukua. Hilo hakuna sufuria ya kulirudisha.

Simu ikalia mkobani.

Liam alisimama mara moja. "Nani amekufa?" aliuliza kwa Kiswahili safi, na kabla mama hajafungua mkoba, begi lake lilikuwa tayari mgongoni.

Alikuwa Godelieve. "Chérie, mulishafika? Mutoto anafurahi?"

Achola aliishusha simu.

"Hakuna aliyekufa," alimwambia mwanawe. "Kaa, baba. Tafadhali, kaa."

Liam alikaa. Begi hakulivua.