Binti Aliyepongezwa Huku Akifa Njaa

Saa mbili asubuhi, katika zahanati moja ya eneo la viwanda mjini Mbale, Uganda, muuguzi Orpah Khaemba anamketisha mgonjwa kwenye benchi. Mizani iko hatua mbili tu, lakini kwanza anamuuliza jana alikula nini, na kama alikula kwa amani.

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza. Mkenya huyu wa Bungoma, anayelipwa shilingi laki nne za Uganda kwa mwezi, alipima uzito na urefu, akaandika, akaita mwingine.

Kisha akaja Brigid, mwanafunzi wa miaka kumi na tisa aliyepanga chumba katika mtaa wa Nkoma. Februari alikuwa na kilo 93. Aprili, 78. Julai, 64, uzito ambao chati ya ukutani inauita wa kawaida kwa kimo chake. Kila mara Orpah alimsifu. Mara ya mwisho aliwaita wenzake waje wamwone.

"Nilimpigia makofi," anasema.

Makofi hayajaisha, Brigid akaanguka palepale. Orpah alimshika mkono, ulikuwa baridi. Akahesabu mapigo: thelathini na nane kwa dakika. Akadhani amekosea, akahesabu tena.

Daktari alipombana kwa maswali, binti alikiri kwamba kwa miezi mitano alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na nusu chapati kwa siku, na hata hiyo mara nyingine aliitapika. Ugonjwa huo wa kujinyima chakula, daktari akaeleza, haumsubiri mtu akonde. Ulikuwa umeshafika kwenye moyo, na chati bado ikimhesabu mzima.

Mama yake, Proscovia, askari magereza wa Mafubira, Jinja, alifika jioni akiwa amevaa sare.

"Sister, huyu mtoto ni mnene. Njaa imetoka wapi?"

"Afande, mimi ndiye nilikuwa nampongeza," Orpah akamwambia.

Proscovia akamshika binti yake mkono. "Na mimi. Nilimnunulia nguo mpya."

Brigid alilazwa wiki tatu. Sasa anakula mama yake akiwa kando, na kuna siku bado analia mbele ya sahani.

Orpah ameomba fomu iongezwe swali: mtu amepoteza kilo ngapi, kwa muda gani? Mkuu wake hajajibu. Mwezi ujao Orpah atakwenda Mafubira, ambako Proscovia anawakusanya mabinti wa askari wenzake. Brigid amekubali kuwasimulia yaliyompata.

"Akishindwa katikati, tutakaa kimya naye," anasema Orpah. "Nataka tu wamwone alivyo, na mashavu yake, wajue kwamba huyu ndiye tuliyekaribia kumzika."