Pikapu Iliyowaka Kanisani Tu

Maembe yaliyofunikwa turubai juani hutoa harufu nzito, tamu, iliyokaribia kuwa pombe. Ukiichanganya na harufu ya dizeli unapata Januari moja nzima ya utoto wangu. Tuliishi mlimani, karibu na soko la Mbumbuni, na Mama alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu, ingawa buluu yenyewe ilikuwa imebaki milangoni tu. Kila Alhamisi asubuhi alishuka nayo, imejaa maembe yetu na ya majirani, hadi barabara ya Mombasa, ambako lori la mnunuzi lilipakia na kuondoka bila kumngoja mtu. Embe halina subira. Likikosa lori la Alhamisi, Jumamosi ni chakula cha mbuzi.

Msimu huo pikapu ilianza ukaidi. Mama alizungusha ufunguo, taa za mbele ziking'aa vizuri kabisa, lakini injini ikatoa mlio mmoja tu, tik, kama mtu anayefyonza kwa dharau, kisha kimya. Siku nyingine iliwaka mara moja. Gari bovu unaweza kulizoea, lakini gari ambalo leo ni bovu na kesho ni zima hukufanya ujitilie shaka wewe mwenyewe. Kwa hiyo tulifanya walivyofanya wenye magari makuukuu wote wa milima yetu: tuliiegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini, ili ikikataa isukumwe. Kinga ni bora kuliko tiba, watu walisema, na Mama akaitikia. Kazi yangu ilikuwa kuruka chini kabla hajatoa mguu kwenye breki na kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Sokoni vijana walituona tukija wakaanza kukunja mikono ya shati.

"Mama Mwende, hii pikapu inakunywa dizeli ama jasho letu?"

"Sukuma, wacha mdomo," Mama aliwajibu. "Jasho lenyewe ulikuwa unalipeleka wapi?"

Mahali pamoja tu haikumwaibisha, napo ni kanisani. Kila Jumapili baada ya ibada iliwaka mbele ya washirika wote, ikanguruma kama iliyotoka kiwandani. Wakaipa jina la Mlokole. Waimbaji wa kwaya walilitaja jina hilo wakicheka, lakini Mama hakucheka. Alianza kuwaza kwamba kama gari linawaka kwa Mungu na kukataa kwetu, basi tatizo liko kwetu. Siku moja wazee wa kanisa walikuja, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaomba kwa sauti hadi kuku wakahama ua. Kesho yake, tik.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuamini kwamba chuma kina pepo. Yeye aliamini kuuza. Alikuwa amempata mfugaji wa Nuu, ng'ambo ya Kitui, aliyetaka gari la kubebea mbuzi, naye angekuja kulitazama Jumamosi. Mama alijua maana ya jambo hilo. Bila pikapu angerudi kuwangoja madalali waje shambani, wapange bei wao, wachague maembe wao, na yeye asimame kando akisema asante. Waligombana kwa sauti ya chini, kisha wakakubaliana: Alhamisi ikikataa tena na lori likaondoka, pikapu iende Nuu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Walimu walisema nina mdomo, shangazi zangu wakasema nitakosa mume. Siku mbili kabla ya hiyo Alhamisi tulipeleka gari kwa Kyalo, fundi wa pale sokoni, na kama kawaida, mbele yake liliwaka bila shida. Kyalo alikuwa ameshasafisha vichwa vya betri na kufungua stata, asione kitu.

"Mama Mwende, wewe huniletea mgonjwa akishapona," alisema huku akijipangusa mikono. "Mimi nitibu nini?"

Njiani kurudi nilimuuliza Mama, "Kwani kwa Kyalo pia ni kanisani?"

"Kwa Kyalo?" Alicheka hadi akakanyaga breki. "Kyalo hata Krismasi haji!"

Lakini swali lilikuwa limeshanikaa kichwani. Kama utakatifu ndio uliowasha gari, mbona liliwaka kwa Kyalo, aliyekuwa akitukana spana zake tangu asubuhi? Kanisa na gereji vilikuwa na nini ambacho sisi hatukuwa nacho? Nilifikiri hivyo hadi nyumbani, na tulipofika mteremkoni kwetu nikaruka na jiwe langu kama siku zote. Hapo nikasimama nalo mikononi. Kanisani sikuwahi kushuka na jiwe. Kwa Kyalo pia sikuwahi. Kote kule kulikuwa tambarare.

"Mwende, weka jiwe! Unataka tuue mbuzi za watu?"

Niliweka jiwe, kisha nikasema: gari linakataa kwa sababu tunaliegesha hapa. Baba aliniambia nikaoge. Mama alikaa jioni yote akiitazama pikapu kupitia dirisha. Jumatano, maembe yalipokwisha kupakiwa, alipitisha mteremko akaenda kuliegesha kwenye uwanja wa kukaushia ndengu, mahali pekee pa bapa katika boma letu.

"Na ikikataa hapo," Baba aliuliza, "na mzigo wote huo, nani ataisukuma?"

"Ikikataa itaenda Nuu. Si ndivyo tulivyosema?"

Asubuhi Mama aliingia, akafunga macho, midomo ikachezacheza. Najua aliomba. Akazungusha ufunguo. Iliwaka kabla hajafumbua macho. Baba alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema tu, "Haya basi, nendeni," akaturudisha ndani kutafuta sweta zetu kana kwamba hakuna kilichotokea. Lori tulilikuta.

Tuliporudi, Mama alimwambia Kyalo asiitazame pikapu kwenye uwanja wake. Waliipeleka mteremkoni, pua chini, nayo ikakataa mara moja. Kyalo akalala chini yake ikiwa vilevile imekaa vibaya, akapiga kelele ya furaha. Mpira unaoshikilia injini ulikuwa umechoka. Gari likiinama, injini iliteleza mbele kidogo na kuuvuta ule waya mnene wa umeme unaoiunganisha na fremu ya gari. Ndani ya gamba lake zima, waya ulikuwa umekatika karibu wote. Kwenye tambarare nyuzi zilizobaki zilikutana, mteremkoni zikaachana, na kwetu mlimani karibu kila mahali ni mteremko. Kinga yetu ndiyo iliyouzidisha ugonjwa. Methali ile haikuwa ya uongo, ila hakuna aliyewahi kuiuliza inatukinga na nini.

Kanisani niliulizwa kama sasa ninasema maombi hayafanyi kazi. Nilifungua mdomo kujibu, Mama akanitangulia. "Mimi niliomba jibu," alisema. "Mungu akanitumia huyu na maswali yake. Mngependa anitumie nani?"

Siku hizi magari hutaja yenyewe yanapoumwa, taa ndogo ikawaka mbele ya dereva, na nimesoma chuo kikuu ambako nilifundishwa majina marefu ya kile nilichofanya nikiwa nimeshika jiwe. Sijui kama nimepata werevu zaidi. Najua tu kwamba bado ninaudhi watu mezani, na kwamba zamani swali la mtoto lilihitaji mtu mzima mmoja tu aliye tayari kulipia gharama yake. Mama bado anauza maembe, sasa mengine akiyakausha. Juzi alinipigia simu. Majirani wanasema kile kikaushio kipya cha jua kinaharibu ladha, afadhali kuanika juu ya mikeka kama zamani. Nilimuuliza yeye anasema nini.

"Sisemi kitu," alinijibu. "Nimetoa maembe ya mti mmoja, nusu nimeweka kwenye kikaushio, nusu mikekani. Njoo Jumapili uonje, na usiniulize ni yapi ni yapi."