Pale Alipoegemeza Mkono

Cheka, cheka umalize. Mie nshazoea kuchekwa kwa kisa hiki, na bado nakisimulia, kwa sababu gitaa lenyewe lipo Mlandege, na ukitaka twende sasa hivi ukalishike. Muongo gani atakwambia nenda kashike?

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya muziki, hapa hapa Kiponda, chumba cha chini kisicho hata dirisha la maana. Maudi, fidla, magitaa, chochote chenye nyuzi. Siku moja Bi Zuwena kaniletea gitaa la marehemu mumewe. Bibi wa watu macho yashamwisha nuru, haoni ila mwanga na kiza.

"Lakiri ya kung'arisha imeanza kubanduka, mwanangu," kaniambia. "Hewa ya bahari itanilia mbao. Nipakie upya, ing'are. Lakini hapa," akaweka kidole juu ya bega la gitaa, "hapa usipaguse."

Pale palikuwa na kipara. Unajua mpiga gitaa anavyoegemeza mkono wa kulia juu ya chombo? Miaka arubaini mkono wa marehemu ulikuwa ukila lakiri, mpaka mbao ikawa tupu na laini.

"Picha zake sizioni tena," akasema. "Sauti yake nayo inanipotea. Hapa ndipo ninapomshika."

Nilimsikia vizuri. Nikamwitikia "naam" kwa adabu zote. Na bado nikapaharibu.

Ugonjwa wangu mmoja: nikiona kasoro kwenye mbao, mkono unaniwasha. Siku ile nilikuwa nalainisha kwa msasa huku nagombana moyoni na jirani yangu, aliyenishauri nipulize vanishi ya magari, ati inakauka upesi na inang'aa kama kioo. Vanishi ya magari juu ya gitaa! Inaganda kama gome, chombo kinabaki kukohoa badala ya kuimba. Mie natumia lakiri, vile vigamba vya rangi ya asali. Naviloweka kwenye spiriti vikayeyuka, napaka kwa kitambaa cha pamba, nyembamba, nyembamba, mara thelathini ikibidi. Basi nagombana na mtu hayupo, mkono unakwenda, unakwenda. Kuja kutazama, kipara hakipo. Lakiri ya pembeni nayo imetoka, bega lote tupu sawasawa.

Nikakaa sakafuni. Wallahi nilikaa sakafuni kama mtoto. Mahali pa yule marehemu palikuwa vumbi kwenye suruali yangu.

Nilichofanya baadaye nakionea haya hata leo. Nikapapaka lakiri kama kwengine, nikapanga kumdanganya kwamba mbao ilikuwa imeoza. Haoni, atajuaje?

Saa saba mchana, maduka yamefungwa, mtaa kimya. Mlango nimeutia komeo kwa ndani, maana vumbi likitua juu ya lakiri mbichi kazi yote inarudi mwanzo. Ndiyo kwanza namaliza kupaka pale begani, nikasikia "Asalaam aleikum" humu humu ndani.

Mzee mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu. Kifungo cha mkono wa kulia kilikuwa chekundu, vyengine vyote vyeupe. Nikadhani nimesahau komeo.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado bichi?"

"Bichi kabisa. Tafadhali usiliguse."

Akaligusa! Akakaa kwenye kigoda changu, akalipakata kama mtu anayempakata mwanawe, akauegemeza mkono wa kulia juu ya lakiri ile ile, akafumba macho. Nyuzi zenyewe hazimo, atapiga nini? Alikaa tu.

"Lahaula! Mzee, unaniharibia kazi!"

"Uliyeharibu wewe, mwanangu," akasema, wala hakukasirika. "Mie napatengeneza."

Nikageuka kuchukua kitambaa cha spiriti. Kurudisha uso, kigoda kitupu, gitaa limelazwa taratibu juu ya meza. Nikakimbilia mlangoni nimkamate, kumbe komeo liko mahali pake. Nililifungua mwenyewe. Nje hakuna hata paka. Niliporudi ndani nikatazama bega la gitaa: lakiri imetoka, mbao tupu, kipara kile kile.

Alasiri nikalipeleka Mlandege kwa mwenyewe. Uongo wangu ulikuwa umeshanitoka kichwani.

"Bi Zuwena, nisamehe. Pale uliponikataza, nilipapiga msasa."

Vidole vyake vikatambaa juu ya mbao, vikafika, vikasimama. Akalaza kiganja chote.

"Mbona yupo?" akauliza.

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye kifungo chekundu akanikamata mkono kwa nguvu. "Nilikishona mimi," akasema. "Siku ya harusi ya dada yake, cheupe hatukukipata." Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo. "Kasha lile pale. Nifungulie."

Shati lilikuwa limekunjwa juu kabisa, lina asumini zilizokauka. Mkono wa kulia, toka kiwikoni mpaka kwenye kifungo chekundu, ulikuwa na doa la rangi ya asali. Nikaligusa. Likaninata kidoleni.

"Nikufulie, Bi?" Ndilo neno lililonitoka, sijui kwa nini.

"Ulifue!" Akacheka huku machozi yanamtiririka. "Huna akili wewe. Nipe hapa." Akalikumbatia, na mie nikatoka polepole nikawaacha.

Mwaka wa tatu sasa. Gitaa zima linang'aa, pale begani pamebaki kipara vile vile, na Bi Zuwena anasema saa saba mchana panakuwa na joto. Mie sijapagusa kuhakikisha. Si pangu.

Kwa hiyo nakuasa, ndugu yangu. Ukiletewa kitu cha mtu kilichochakaa, uliza kwanza kimechakaa kwa mkono wa nani, ndipo ushike msasa. Mie nilisamehewa. Wewe huenda asikujie mtu.

Juzi nimeona meza yangu ya kazi imeanza kufanya kipara, upande wa kulia, ninapoegemea. Nshamwambia mke wangu asije akaitengenezesha.