Skrini ya Namba Tatu

Fundi wa klabu ya glaida, zile ndege zisizo na injini, alikuwa na mtihani wake mmoja ambao hakuna skrini ya kumwonyesha rubani njia iliyoukwepa. Aliifunga mbele ya kiti cha rubani, akaisukuma ndege juani saa sita mchana, akaifunika skrini kwa kitambaa. Kisha alifunua na kufunika tena, muda wa mtu kusema "haya". Aliyekaa kitini akishindwa kutaja uwanja uko upande gani, uko umbali gani na yeye yuko juu kiasi gani, skrini imefeli. Wauzaji walimwona mwanamke mkorofi, naye hakujali.

Mwaka huo klabu ilitaka skrini mpya kwa ndege zote sita. Kiti cha majaribio alikikalia kaka yake, rubani mkongwe aliyemfundisha yeye mwenyewe kuruka. Mchujo ulibakiza mbili. Moja ilijaa rangi kama duka la vitenge, ramani na mishale, na vinamba vidogo kama sisimizi. Nyingine ilikuwa na namba tatu nene, nyeusi, na hakuna kingine.

Ile ya rangi ilikuja na safari ya maonyesho, safari ya kuigiza iliyotiwa na kiwanda ili wateja waione ikifanya kazi. Kila ukiiwasha, inaanza na namba zilezile. Siku ya tatu ya majaribio kaka alizitaja kabla kitambaa hakijafunuliwa.

Fundi alicheka. Halafu kicheko kikamkauka.

"Kaka, huoni?"

"Ya mbali naona mpaka unyoya wa kunguru. Ya karibu ni ukungu mtupu, hata kwa miwani." Kaka alimshika mkono. "Mdogo wangu, usinianike. Wakijua, wananishusha. Nikiteleza mbele za watu, wewe kohoa tu, kama zamani."

Utotoni, kaka alipokuwa akimdanganya mama na kuelekea kujikwaa, fundi alikohoa, naye akanyamaza. Hawakukamatwa hata siku moja.

"Hizi namba tatu unaziona?"

"Hizo hata usingizini."

"Basi tununue hizo. Kikaoni utaniunga mkono?"

"Mimi tena! Nitasimama wa kwanza."

Kweli, alisimama wa kwanza.

Kikao kilifanyika hangani, kwenye banda la ndege, watu wameketi kwenye mabenchi na matairi. Fundi aliiinua skrini ya namba tatu, na mweka hazina, mtu wa mizaha, akaropoka: "Hiyo ya vikongwe! Nani kipofu humu ndani?" Hanga zima likaangua kicheko. Fundi akamtazama kaka yake.

Kaka akasimama, akanyoosha kola. "Jamani, msimcheke mdogo wangu. Ni macho yake. Kaniambia mwenyewe, kwa siri, kwamba haoni vizuri siku hizi. Kachagua anayoiweza yeye. Sisi tuchukue ya rangi."

Fundi alihisi kama kamwagiwa maji baridi. Uongo wenyewe ungeweza kumezeka. Kilichomchoma ni ile sauti ya huruma. Kamgeuka, tena kwa upole, mbele ya watu ambao nyaya za ndege zao yeye ndiye huzikagua. Mwenyekiti alikuwa ameanza kumtazama mikono kwa mashaka.

"Kama ni hivyo, fundi," mwenyekiti alisema taratibu, "itabidi tutafute mtu mwingine wa ukaguzi. Rubani, hebu tusomee hiyo ya rangi, tumalize."

Kaka akaipokea kwa kujiamini. Hakujua kwamba safari ya maonyesho ilikuwa imeshazimwa. Fundi hakumtega. Ilikuwa desturi yake: kifaa kikitoka mezani kwake, lazima kionyeshe pale kilipo.

Kikohozi kilimfika kooni. Akakimeza.

"Kilomita kumi na nne kufika uwanjani," kaka alisoma kwa sauti yake ya redioni. "Kimo, mita mia tisa."

Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Mwenyekiti akaichukua skrini, akaitazama, kisha akatazama sakafu ya hanga, palepale uwanjani.

"Hapa pameandikwa sifuri," alisema. "Zote mbili."

Kaka akamsogelea dada yake.

"Ungekohoa tu," alinong'ona. "Mimi si kaka yako?"

"Dakika tano zilizopita, ulipokuwa umesimama pale, mimi nilikuwa nani yako?"

Fundi akaitwaa skrini kutoka kwa mwenyekiti, akaifunika kwa kitambaa chake, na ndipo machozi yakamtoka.